Ripoti Niliyoiandika Gari Likiwa la Moto

Wanangu mnaoshika spana leo, na ninyi mnaoshika mashine ya kupimia kabla hamjaijua spana, sogezeni viti. Mimi ni fundi mstaafu. Karakanani waliniita Mama Neema, na niliowagombeza waliniita Mama Kelele. Majina yote mawili niliyaitikia. Nimefungua injini hapa Dodoma kwa zaidi ya miaka thelathini, na nasema bila kuona haya kwamba nilikuwa fundi mzuri. Walikuwepo waliosema mwanamke hawezi kushusha giaboksi. Nilishusha, nikapandisha, nikarudi zangu Ipagala kupika, na wao bado wanatafuta bolti zilizowadondokea.

Najisifu mapema kwa sababu huko mbele nafasi itakuwa finyu. Nataka kuwaeleza habari ya pampu moja ndogo, haizidi ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, ambayo hufanya kazi dakika moja hivi asubuhi gari likiwashwa, kisha inanyamaza. Kwa kutoielewa pampu hiyo niliandika ripoti iliyokaribia kumfukuzisha kazi mtu asiye na kosa. Sikuandika kwa chuki. Niliamini kila neno, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kibwana, mtu mfupi wa hasira za karibu. Ukimpa spana namba kumi na tatu wakati ameomba kumi na mbili, alikuwa anairusha mpaka ukutani, halafu anakwenda kuiokota mwenyewe kwa sababu anazipenda spana zake. Gari likiingia, kabla hajamsikiliza dereva alikuwa anaweka mgongo wa kiganja juu ya boneti, kisha anauliza, "Limelala wapi?"

Madereva wageni walidhani anawapeleleza. Mmoja akamjibu kwa ukali kwamba gari limelala nyumbani kwa mwenyewe, lingelala wapi tena.

"Basi leo litalala hapa," Mzee Kibwana akamwambia. "Kesho asubuhi nitalisikiliza."

"Mzee, mimi nina safari."

"Safari nenda. Gari libaki."

Sababu yake ilikuwa nyepesi. Magari karibu yote hufika gereji yakiwa ya moto, maana yamekuja kwa kuendeshwa. Ugonjwa wa asubuhi, injini ikiwa ya baridi, huwezi kuukuta saa tano mchana hata ukipekua mpaka uvunguni. Kwa hiyo yeye aliyalaza magari uani, na saa kumi na mbili na nusu alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai ya rangi akimngoja mtu apige stata. Nilijifunza tabia hiyo nikaishika miaka mingi. Kisha Mzee Kibwana akastaafu, akarudi kwao Tanga, na sisi tukaletewa mashine ya kupimia. Unachomeka waya chini ya usukani, inakuletea namba ya hitilafu na maelezo yake. Nikaona kulaza magari ni ushamba. Nikaacha.

Hiyo pampu nilikuwa nimekutana nayo kabla ya kisa chenyewe, na namna nilivyoitendea ni aibu nyingine. Mchungaji mmoja aliniletea gari lake kubwa la petroli, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Nilipopekua ndani ya madigadi nikakuta kidude kina mota na mpira mnene unaokwenda kwenye valvu, na kutoka kwenye valvu kuna vibomba vya chuma vinavyoingia ubavuni mwa injini, pale moshi unapotokea. Sikujua ni cha nini. Wanangu, kuna ugonjwa wa mafundi wetu ambao hata mimi niliugua: kitu tusichokijua tunakiziba. Nikakata kipande cha bati kutoka kwenye debe la mafuta ya kula, nikaziba tundu, nikafunga bolti, nikachomoa na balbu ya taa ya injini ili isimsumbue mtumishi wa Mungu.

Bati la debe halishindani na moshi wa injini. Halikumaliza mwezi. Lilitoboka siku Mchungaji yuko kwenye msafara wa mazishi, gari likanguruma makaburini mpaka mahubiri yakasimama. Aliporudi hakunigombeza, alinitazama tu kwa huruma, na huruma ya mchungaji ni nzito kuliko matusi. Nikaziba upya kwa chuma kinene. Mwaka uliofuata masega ya ekzosi yake yakaziba. Masega ni lile tofali lenye matundu madogo madogo ndani ya bomba la moshi, linalounguza sumu kabla moshi haujatoka nje. Nikayang'oa, nikayalaumu masega. Haikunijia hata mara moja kwamba mimi ndiye niliyeanza.

Ile pampu sikuitupa. Mota yake ilikuwa nzima na ilikuwa inapuliza hewa kama imekasirika. Nikaipeleka nyumbani, nikaiunga na betri iliyochoka, nikaelekeza mdomo wake chini ya jiko la mkaa. Dakika mbili mkaa wote mwekundu. Mama mkwe alipotutembelea aliiogopa, akahama jikoni mpaka nilipoizima, lakini ugali wake alikula. Nilipikia pampu ile kama miaka miwili, mpaka mvua ilipoikuta nje ikaingia maji. Baada ya hapo ikaanza kulia, mlio mrefu wa kupanda, mithili ya gari linalopigwa resi mtaa wa pili. Jirani akaomba tupumzishe masikio yake, nikaistaafisha. Kumbukeni mlio huo.

Sasa nije kwa Bwana Ndahani. Wakati huo nilikuwa msimamizi wa karakana ya shirika moja linalochimba visima vijijini. Karakana ilikuwa mjini, ofisi na uwanja wa magari viko Ihumwa, na nyumba ya Meneja iko humo humo ndani ya ukuta wa ofisi. Ndahani alikuwa dereva wa gari la Meneja, Mgogo wa Zuzu, mtu mrefu mwenye maneno machache isipokuwa kwenye salamu. Kwenye salamu alikuwa hana haraka na mtu. Anakuuliza umelalaje, watoto wamelalaje, mama mzazi anaendeleaje, mifugo, mvua, kisha anarudi tena kwako kuhakikisha kwamba umelala kweli. Mimi ni Mnyaturu wa Singida, nasi tunasalimiana vizuri tu, lakini kazini salamu zangu zilikuwa fupi. "Salama, niambie gari lina nini." Ndahani aliniona sina malezi, nami nilimwona anachelewesha kazi. Hata hivyo kila alipokuja alianza na "Mbukwenyi", salamu ya kwao, na alinipa salamu zote hata kama mimi nilizijibu kwa mkupuo.

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Hapo ndipo Meneja alipoanza kulalamika kwamba kila asubuhi, akiwa bafuni, anasikia dereva anapiga resi gari la baridi. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyetoka kwenye masomo, anapenda utaratibu, na gari lile alilipenda kuliko utaratibu. Akampa Ndahani onyo kwa maandishi. Mlio ukaendelea. Akampa la pili. Kisha taa ya injini ikawaka, na barabarani gari likaanza kugoma, ukikanyaga mafuta halipandi mwendo, kompyuta ya injini imelibana nguvu. Meneja akaona ushahidi umetimia. Onyo la tatu kwenye shirika lile maana yake ni kikao cha nidhamu, na kikao kikikuona na hatia unaondoka. Kwa mtu aliyeendesha miaka ishirini na saba, tofauti ilikuwa kati ya kuagwa na kufukuzwa.

Gari likaletwa kwangu na agizo: fundi aandike chanzo cha uharibifu. Lilifika saa tano, limetoka Ihumwa, boneti haishikiki. Nikachomeka mashine. Ikaniletea kwamba mfumo wa hewa ya pili, mtiririko ni pungufu. Nikajiambia hewa ni hewa. Nikatoa ea klina, lile chujio la hewa inayoingia kwenye injini, nikaipuliza kwa kompresa mpaka vumbi la Ihumwa likaniingia kooni, nikarudisha, nikafuta hitilafu kwenye mashine. Taa ikazima. Nikafungua plagi, nikakuta nyeusi, zina masizi. Plagi nyeusi, mlio wa resi asubuhi, injini imeanza kugoma. Hesabu ikanikalia sawa kichwani, nami nikaipenda.

Ndahani alikuwa amesimama pembeni ya stendi ya matairi.

"Bwana Ndahani, unalikanyagia nini gari asubuhi?"

"Mimi mguu wangu siweki, Mama Neema."

"Sasa linalia lenyewe?"

"Linalia lenyewe. Linalia mpaka nimalize kusalimiana na mlinzi, halafu linanyamaza."

Vijana wa karakana wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikamwambia kwenye kitabu cha gari sijaona mahali pameandikwa salamu. Yeye hakucheka. Alinitazama, akatazama gari, akaenda kukaa nje. Nami nikaingia ofisini nikaandika, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wangu mzuri wa shule ya masista: "Mlio na uharibifu vimetokana na dereva kukanyaga mafuta injini ikiwa ya baridi." Nikatia sahihi, nikagonga na muhuri.

Tangu siku hiyo Ndahani hakunisalimia tena. Alikuwa akinipita, anainamisha kichwa kidogo, basi. Kwa mtu kama yeye hilo ni jambo kubwa, lakini mimi nilijifanya sijaona.

Mlinzi wa Ihumwa alikwenda kwa Meneja kumtetea, akasema dereva huwa nje ya gari wakati wa mlio. Haikusaidia kitu. Walionekana wanalindana, Wagogo wawili wa kijiji kimoja. Taa ya injini nayo ikawaka tena baada ya siku tatu, na Meneja akahesabu hilo pia kwenye makosa ya dereva. Kikao kikapangwa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Wiki hiyo hiyo nikatumwa Zuzu kuangalia injini ya mtambo wa kuchimbia, na aliyenipeleka ni Ndahani, maana gari lililokuwa na nafasi ni lile lile. Kazi ikatuchelewesha, tukalala kwenye nyumba ya wachimbaji. Ilikuwa Julai, na ninyi wa Dodoma mnaujua upepo wa Julai alfajiri, unapita kwenye kila tundu la sweta. Nilitoka uani kupiga mswaki. Nikamsikia Ndahani akipiga stata upande wa pili wa nyumba, na hapo hapo mlio ukaanza, mrefu, unapanda.

Nikasema moyoni, leo nimemkamata. Nikazunguka ukuta haraka na mswaki mdomoni.

Gari lilikuwa linalia, na ndani hakuna mtu. Mlango wa dereva uko wazi. Ndahani amesimama hatua kadhaa mbali, kitambaa cha kufutia kioo begani, miguu yake yote miwili iko kwenye mchanga, anamuuliza mlinzi wa pale habari za ng'ombe. Mlinzi akajibu za ng'ombe. Akaulizwa za mama yake. Akajibu za mama yake. Walipofika kwenye mvua, mlio ukashuka ukazima wenyewe, injini ikabaki inaunguruma taratibu.

Nilibaki nimesimama pale na povu la dawa ya meno. Kilichonishika zaidi si miguu yake. Ni mlio. Ule mlio nilikuwa naujua. Ulinipikia ugali miaka miwili. Ilikuwa pampu ya jiko langu baada ya kuingia maji.

Hapo ndipo nilipoelewa, wanangu, na sikuelewa kwa mashine. Mmewahi kuwasha moto wa kuni zisizokauka vizuri? Zinatoa moshi mzito, unakutoa machozi. Ukiinama ukapuliza, ghafla moshi wenyewe unashika moto, na jiko lote linachangamka. Maana yake ule moshi ulikuwa bado na chakula cha moto ndani yake, ulikosa hewa tu. Injini ya petroli ikiwa ya baridi iko hivyo. Kompyuta huiongezea petroli ili isizime, na petroli hiyo haiungui yote. Inatoka na moshi kwenda kwenye ekzosi. Kule yapo masega yanayotakiwa kuisafisha, lakini masega ya baridi hayafanyi kazi, mpaka yapate moto. Kwa hiyo waliotengeneza gari wameweka mpulizaji. Pampu inavuta hewa safi, inaisukuma kwenye mpira, inapita kwenye valvu, inaingia pale pale moshi unapotoka kwenye silinda ukiwa bado wa moto. Hiyo ndiyo hewa ya pili iliyotajwa na mashine, wala si ile ya ea klina. Petroli iliyobaki inaungua humo ndani ya bomba. Joto lake linayapasha masega haraka, na masega yakishapata moto pampu inazimwa na valvu inafunga. Basi, ni dakika moja hivi, au kidogo zaidi asubuhi ya baridi kali. Ni mzunguko mmoja wa salamu za Kigogo.

Hiyo valvu msiidharau. Kazi yake nyingine ni kuzuia moshi usirudi nyuma. Ikikwama wazi, moshi unarudi kwenye mpira mpaka kwenye pampu, na moshi wa injini una maji ndani yake. Gari likilala, yale maji yanapoa na kutulia humo. Pampu inapata kutu, inaanza kulia, kisha inashindwa kusukuma, kompyuta inaona hewa haitoshi, inawasha taa na kulibana gari. Pale Zuzu nilifungua mpira nikauinamisha. Yakatoka maji ya rangi ya chai, kiasi cha nusu kikombe. Nikasogeza kiganja kwenye mdomo wa valvu injini ikiwa inazunguka, nikapata moshi wa moto unaopiga mapigo, mahali ambapo sikutakiwa kupata kitu. Na zile plagi nyeusi nilizozifurahia zilikuwa za safari fupi fupi za Meneja mwenyewe, Ihumwa kwenda mjini na kurudi, injini haipati hata muda wa kujisafisha.

Ndahani alikuwa ananitazama nikimwaga yale maji. Kwa aibu sikumweleza nilichokigundua. Nikarudisha mpira kama nilivyoukuta. Nilikuwa nimeshaamua nisitengeneze chochote kabla ya Jumatatu, kwa sababu nikitengeneza mlio unapotea, na mlio ukipotea Ndahani anabaki na ripoti yangu tu.

Nitawaambia ukweli wote. Usiku wa Jumapili mwanangu Neema aliniuliza kwa nini sili, na nilikuwa natafuta njia ya kumwokoa Ndahani bila mimi kuonekana. Ningeweza kubadili pampu kimya kimya, niseme gari limepona, niwaombe wamsamehe mzee wa watu kwa sababu ya umri. Angesamehewa pengine. Lakini angesamehewa kosa ambalo hakulifanya, nami ningebaki fundi asiyekosea. Niliipenda sana sifa hiyo. Niliona aibu kwa jinsi nilivyoipenda.

Nikampigia Meneja simu asubuhi na mapema, kabla hajaoga.

"Shikamoo, Mama Neema. Kuna nini mapema hivi?"

"Marahaba. Gari limelala wapi?"

"Hapa hapa uani. Ufunguo ninao mimi, Ndahani aliukabidhi jana."

"Usimpe mtu. Usiliwashe. Kikao tuanzie uani, na afisa utumishi awepo."

Nilifika Ihumwa Meneja na afisa utumishi wakiwa wameshajikunyata kwenye makoti, hawajapendezwa. Ndahani alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Nadhani alijua anakuja kufukuzwa na akataka afukuzwe akiwa nadhifu. Nikamwomba asimame karibu na geti, mbali na gari, pamoja na mlinzi. Nikafungua boneti, nikamwambia Meneja aweke mkono kwenye injini. Akaweka, akasema ni ya baridi. Nikamwomba akae kwenye usukani, apige stata, kisha ashushe miguu yake yote nje tuione.

"Mimi mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe, baba."

Akapiga stata, akatoa miguu nje. Gari likalia. Lililia ule mlio wake wote, mrefu na wa kupanda, na viatu vya Meneja vilivyopakwa kiwi viko kwenye changarawe mbele ya macho yetu. Alitazama viatu vyake, akatazama dashibodi, akatazama ukuta wa bafu lake. Afisa utumishi aliziba masikio. Nilimshika Meneja mkono nikaupeleka kwenye pampu ili aisikie inavyotetemeka. Nikahesabu kimya. Mlio ukashuka, ukazima.

"Limenyamaza lenyewe," Meneja akasema.

"Na kulia lililia lenyewe."

Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, kuni na moshi na vyote. Kisha nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani: kwamba ripoti waliyonayo ni ya uongo, aliyeiandika ni mimi, na niliiandika gari likiwa la moto bila kulilaza hata siku moja. Meneja, kwa wema, akasema basi tuichane tuandike nyingine. Nikakataa. Nikaomba ile ya kwanza ibaki kwenye faili na ya pili ibanwe juu yake, ili siku mtu akilifungua faili la Ndahani aone nani alikosea. Afisa utumishi akazibana pamoja pale pale juu ya boneti. Maonyo mawili ya Meneja yakafutwa, na Meneja akaenda getini kumwomba Ndahani radhi kwa mkono.

Mimi nilikwenda wa mwisho. Ndahani alikuwa amesharudi kwenye gari, anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Nilikuambia, Mama Neema."

"Uliniambia."

"Mpaka nimalize na mlinzi."

"Uliniambia, Bwana Ndahani. Nikakucheka."

Akakunja kitambaa chake, akainamisha kichwa kidogo kama zile siku nyingine, akaondoka. Sikumlaumu. Niliwaambia vijana walioninunia kwa niaba yake kwamba wana haki.

Pampu na valvu mpya vilichukua wiki mbili kufika. Nilivifunga mwenyewe, sikumwachia mtu. Ninyi mtakaofanya kazi hii badilisheni vyote viwili, maana pampu mpya juu ya valvu iliyokwama inakufa kifo kile kile. Na kabla hamjanunua, angalieni kwanza fyuzi na rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha pampu, msije mkamnunulia mteja pampu kumbe waya ndio uliooza. Na msioshe injini kwa maji ya presha kama mnaosha trela. Nilipomaliza sikulipima mchana. Nililifungia uani likalala.

Asubuhi Ndahani akaja kulichukua. Nilikuwa nimesimama pembeni na kikombe changu cha chai ya rangi. Akaingia, akapiga stata. Pampu mpya ikaanza, sauti ya chini tu, mtu asiyejua asingeisikia. Akashuka, akasimama akiisikiliza na kitambaa begani. Kisha akanigeukia.

"Mbukwenyi, Mama Neema."

Nikaitikia. Akaniuliza nimelalaje, nikamwambia. Akauliza Neema amelalaje, nikamwambia Neema ana mafua. Akauliza mafua ya siku ngapi. Akauliza mguu wa mume wangu, akauliza mvua za kwetu Singida mwaka huu zilikuwaje. Katikati ya mvua pampu ikazima, nasi wote wawili tukaisikia ikizima. Gari lilikuwa tayari kuondoka, Meneja anamngoja Ihumwa. Ndahani hakugeuka kulitazama.

"Na mama mzazi," akauliza, "anaendeleaje?"

Nikaweka kikombe chini, nikamweleza habari za mama yangu, zote.